Barua Niliyomwandikia Mwalimu Wetu

Katika kabati la ofisi ya msikiti wetu hapa Ilula limo daftari kubwa la mahudhurio ya darasa la Kiingereza la watu wazima. Nilianza kulijaza mwenyewe mwaka jana, wiki ya pili baada ya Idd el-Fitr, kwa kuwa ndimi katibu wa kamati. Ukurasa wa kwanza una majina 31: wakulima wa nyanya, akina mama wauza vitunguu, mafundi cherehani wawili, utingo wa lori liendalo Tunduma, na majirani zetu wanne wa Kilutheri waliouliza kwa haya kama na wao wanaruhusiwa. Ukurasa wa mwezi wa nne una majina hayo hayo, lakini alama za kuhudhuria ni za watu 12 tu. Wengine hawakuaga wala hawakulalamika. Nilikuja kutambua kwa kuchelewa kwamba ndivyo alivyo mwanafunzi mtu mzima. Mtoto akichoshwa na mwalimu atalia au atasinzia. Mtu mzima hupata shughuli nyingine.

Darasa halikuanzishwa kwa fahari. Mji wetu mdogo umelala kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hadi Zambia. Gari likishamaliza kupanda Mlima Kitonga, Ilula ndipo abiria wanaponyoosha miguu na kununua nyanya. Mkulima anayepulizia dawa nyanya hizo hushika kopo ambalo mara nyingi maelezo yake yako kwa Kiingereza, akakisia kipimo kwa kizibo. Na mzazi ambaye mwanawe amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili humwona mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yamegeuka lugha, na nyumbani hakuna awezaye kumsomea hata swali. Hilo la mwisho ndilo lililowaleta wengi wa akina mama.

Fedha hatukuwa nazo, bali tulipata walimu watatu wa kujitolea. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mzee wa saf ya kwanza, aliyefundisha shule za serikali kwa miaka 34. Nitamwita Mwalimu, kwani ndivyo anavyoitwa na mji mzima, nami mwenyewe nilipita mikononi mwake darasa la tano. Hupenda kusimulia jinsi Mwalimu Nyerere alivyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na jinsi yeye, akiwa kijana wa darasa la saba, alivyoshikishwa chaki awafundishe wazee wa kijiji chini ya mti. Hakulipwa chochote, wala hajawahi kudai. Mtu wa namna hiyo akikwambia atafundisha kila Jumanne baada ya Alasiri, unamshukuru Mwenyezi Mungu na kufunga mjadala.

Tatizo lilikuwa namna yake. Kwa Mwalimu, aliyekosea husimama, na hukaa pale mwenzake atakapokosea. Kwa watoto wa miaka kumi huo ni mchezo. Sasa mfikirie mama wa miaka 52, mwenye wajukuu, aliyeamka saa kumi usiku kupanga matenga ya nyanya kando ya barabara, akisimamishwa mbele ya vijana wa rika la wanawe. Sisi tuliolelewa kwa Kihehe, sauti za r na l hubadilishana nafasi ndimini mwetu. Jumanne moja mama huyo alitakiwa kutamka neno la Kiingereza la mchele, likamtoka neno la chawa. Mwalimu akamtaka arudie. Akarudia, na chawa wakatoka tena. Mara ya tatu darasa zima liliangua kicheko. Yeye alitabasamu, akajitanda vizuri ushungi wake, akabaki amesimama hadi kipindi kilipokwisha, kwa maana siku hiyo hakuna mwingine aliyeulizwa. Katika daftari langu alama yake ya mwisho ni ya Jumanne hiyo.

Wiki tano baadaye nilipita kwenye meza yake nikamuuliza mbona kimya. "Kazi nyingi, Katibu," akanijibu, akaniongezea nyanya mbili juu ya fungu. Binti yake, aliyekuwa akipanga vitunguu, ndiye aliyeniambia ukweli mama alipogeuka kumhudumia mteja.

Nikalipeleka jambo katika kikao cha kamati. Nilikuwa nimeligawa daftari kwa siku, na hesabu ilijieleza: wanafunzi walikuwa wakipungua kila baada ya Jumanne. Mwenyekiti wetu, mtu mwema, alitikisa kichwa. "Mtu anatupa jasho lake bure, sisi tumrudishie lawama?" Wajumbe wengi waliafiki. Naielewa hoja hiyo, na bado naiheshimu, lakini nadhani inamsahau mtu wa pili. Mwanafunzi naye anajitolea. Anatoa saa mbili za jioni ambazo angeuza, na anatoa kitu kizito zaidi, nacho ni heshima yake, anapokubali kuonekana hajui. Sisi kamati tulimpa Mwalimu shukrani ambayo haikuwa yetu, tukailipa kwa sitara ya yule mama.

Hata hivyo kikao kiliniruhusu "kumkumbusha kwa hekima". Hapo ndipo mimi, mhitimu wa chuo cha Kiislamu niliyesoma adabu za nasaha hadi kuzifanyia mtihani, nilipoandika barua. Ilikuwa na kumbukumbu namba, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Ilisema kamati imepokea taarifa juu ya mwenendo wa ufundishaji, na inamwomba ajirekebishe. Chini niliweka nakala kwa Mwenyekiti na kwa Imamu, nikagonga mhuri, nikampa mtoto wa madrasa aipeleke. Mtoto aliikabidhi barazani, mbele ya wazee wanne waliokuwa wakinywa kahawa.

Jumanne iliyofuata hakuja darasani. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kwamba nafasi yake nyuma ya Imamu, upande wa kulia, ingekuwa wazi swala ya Alfajiri, na Alfajiri ya siku ya pili, na wiki nzima. Ijumaa alikuja, akaswali saf ya mwisho karibu na viatu, akaondoka kabla ya dua. Imamu aliniita pembeni akaniambia maneno machache tu: "Katibu, umepunguza saf."

Usiku ule sikulala vizuri. Nikakumbuka kisa cha Muadh bin Jabal (r.a.), ambacho kila aliyepita chuoni anakijua na ambacho nilikuwa sijawahi kukisoma kama katibu. Muadh alikuwa akiswali Isha na Mtume (s.a.w.), kisha anarudi kuwaswalisha watu wake. Usiku mmoja akaanza kuwasomea Suratul-Baqara. Mtu mmoja, mchungaji wa ngamia wa kunyweshea mashamba, aliyechoka kwa kazi ya mchana, alijitoa akaswali peke yake na kwenda zake. Muadh akamsema kuwa ni mnafiki. Yule mtu hakukaa kimya kama mama yetu, bali alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akaeleza. Mtume akamkemea Muadh waziwazi, akimuuliza kwa kukariri kama anataka kuwatia watu fitnani, kisha akamtajia kwa majina sura fupi za kusoma. Ndugu msomaji, tazama mambo mawili. Kosa lilitajwa lilivyo, na badala yake ikatajwa. Tena Muadh hakuondolewa kwenye kazi ya kufundisha, maana huyo huyo ndiye aliyepelekwa baadaye Yemen kuwafundisha watu dini, na alipopelekwa pamoja na Abu Musa waliusiwa wawe wepesi kwa watu, wasiwe wagumu. Barua yangu haikutaja kosa wala badala yake. Ilikuwa na mhuri tu.

Jumamosi baada ya Adhuhuri nilikwenda nyumbani kwake peke yangu. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vuta kigoda."

Aliendelea kupukuchua kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, kisha akaingia ndani na kutoka na barua yangu. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilikosea mahali pawili, nafasi ya mkato na neno moja nililoliunganisha. Pembeni ya sentensi inayomwomba ajirekebishe alikuwa ameandika kwa hati yake ile ile nzuri ya ubaoni: "Kwa lipi?"

Nikamwambia kwa lipi. Nilimweleza juu ya kusimamishwa, kurudishwa neno moja mara tatu, na watu wazima kuogopa kuulizwa. Jina sikulitaja. Alinisikiliza huku akiviringisha gunzi mkononi.

"Mimi nilifundishwa hivyo," akasema, "na ndiyo maana Kiingereza changu hakikuoza. Lakini huyo unayemficha namjua. Ni mama wa mchele." Sikujibu. "Sasa nikuulize wewe, mwanangu. Siku ile ulikuwepo, umekaa nyuma na daftari lako. Mbona hukuniambia jioni ile ile, tukitoka? Hukuniambia kwa sababu na wewe ulicheka."

Ni kweli. Nilicheka. Nilikuwa nimelizunguka jambo hilo katika kikao, katika hesabu ya daftari na katika barua, na mzee akaliweka hadharani kwa sentensi moja, kama alivyozoea kufanya nilipokuwa na miaka kumi na moja. Nikamwomba radhi kwa barua, kwa nakala, na kwa kumtuma mtoto barazani. Akasema ameisamehe barua, ila nakala bado zinamuuma. Nilimwelewa.

Baada ya hapo tuliweza kuzungumza juu ya kazi. Darasani tulikuwa na vijana watatu wanaojiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wa QT, ambao wasioupata sekondari ya kawaida huupitia ili wafike kidato cha nne. Hao walihitaji sarufi hasa, mwalimu asiyewaachia kosa, na ujana wao unastahimili kusimama. Nilimwomba awachukue. Aliuliza kama ni adhabu. Nikamwambia hakuna mwingine mjini awezaye kuwavusha, na nilisema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo. Mzee yule angeinusa sifa ya uongo kutoka upande wa pili wa barabara. Alikubali, kwa sharti kwamba siku nitakapokuwa na neno juu yake nitakuja kwa miguu yangu.

Juu ya walimu wengine wawili sina mengi. Kijana mhitimu wa chuo kikuu, anayesubiri ajira na huku akiendesha bodaboda, alikuwa akikosa vipindi bila taarifa. Nilimdhania mzembe, kumbe Alhamisi jioni ndiyo saa yenye abiria wengi, naye aliona aibu kusema. Tukahamishia kipindi chake Jumapili asubuhi, na kamati ikakubali kumjazia mafuta lita mbili. Kulikuwa na ubishi mrefu kama mafuta ni mshahara. Mimi sioni kwamba ni mshahara. Yeye ndiye anayewafundisha wanaoanza sasa, tena kwa makopo ya dawa na ankara za mizigo, na hakuna anayesimamishwa. Wa tatu, mfanyabiashara, alianza kukigeuza kipindi kuwa uwanja wa kuwabishia wale Walutheri wanne mambo ya imani yao. Huyo hatukumtafutia hekima ndefu. Niliongea naye jioni ile ile, faraghani, na aliposema hatabadilika tulimshukuru tukaagana. Watu walikuja kwetu kujifunza lugha, nao ni wageni wa msikiti. Kuna kosa la mtu asiyejua athari ya njia yake, na kuna kosa la mtu anayeijua na kuitaka. Kuyatendea sawa ni kumdhulumu wa kwanza.

Mwalimu amerudi saf ya kwanza. Vijana wake watatu wanamwogopa na hawakosi hata siku moja. Wiki iliyopita nilipita dirishani nikamwona mmoja amesimama, nikaendelea na safari yangu.

Kwa yule mama nilikwenda pia, asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Nilimwambia kwamba siku ile nilicheka na kwamba nimekuja kuomba radhi. Alisema, "Yamekwisha, baba," akanipimia nyanya zangu, akakataa pesa ya ziada niliyomwachia. Hajarudi darasani. Binti yake, aliye kidato cha pili, ndiye anayekuja Jumapili na kukaa nyuma na daftari jipya. Aliniambia usiku wakishafunga hesabu za meza hulifungua, na mama huuliza maneno. Hadi sasa waliohudhuria mfululizo ni 19. Jina la mama sijalikata, na kila wiki naweka nukta kwenye mstari wake, ambayo katika daftari langu maana yake ni kuwa hayupo kwa udhuru.