Mwacheni Mtoto Acheze, Picha Itapatikana



Idi inapokaribia, familia nyingi za mwambao wetu huwapeleka watoto kupigwa picha. Mvulana huvishwa kanzu mpya na kofia iliyotiwa wanga, msichana hufungwa utepe wa nywele, kisha wote hupangwa mbele ya kamera kama vikombe vya kabatini. "Simama wima! Cheka! Usisogee!" Baada ya dakika chache yule mdogo analia, mama amekasirika, na baba anatazama saa. Picha hutoka, lakini aliyemo ndani yake siye mtoto tunayemjua. Ni mtoto aliyetishwa akatulia.

Siku hizi wako wapiga picha wanaofuata njia nyingine. Huja nyumbani, wakakaa na familia saa moja au mbili, wala hawampangi mtu. Mama anakanda unga wa mahamri na mtoto anachovya kidole. Bibi anasuka ukili na mjukuu amemwegemea gotini. Mpiga picha huchutama hadi macho yake yalingane na ya mtoto, hutumia mwanga wa dirishani au wa uani, kisha hungoja. Katika kazi hii, subira ndiyo nusu ya ufundi. Binti yetu, mwenye watoto wa miaka 4 na miaka 2, alipotutaka ushauri juu ya jambo hili, tuliona linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani si la nyumba yake peke yake.

Wazee wetu walisimama wima kwa sababu. Katika miaka ya 1960, aliyekwenda studio ya Parekh mjini Mombasa au ya Bakor kule Lamu alikwenda kwa maandalizi na heshima. Filamu ilikuwa na gharama, picha zake zilihesabika, na aliyefumba macho alibaki amefumba. Leo sababu hiyo imeondoka, lakini amri zake zimebaki, nasi tunawaamrisha kwazo watoto ambao hata kutembea hawajatengenea.

Wako watakaouliza hukumu ya picha yenyewe. Wanazuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliona kwamba kamera hukizuia kivuli cha kile alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala haiumbi mfano wake; kwa hiyo aliiruhusu. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Baz wa Saudia, waliikataza isipokuwa kwa dharura, kama vile kitambulisho. Anayefuata kauli hii ya pili tunamheshimu, na jamaa zake wasimlazimishe arusini wala siku ya Idi. Maneno yetu yanamwelekea yule ambaye tayari anapiga picha, na simu zetu zinashuhudia kwamba hao ni wengi.

Kwa huyo tunasema: zingatia ni nini kilichotufikia kuhusu nyumba ya Mtume (s.a.w.). Maswahaba hawakutusimulia familia iliyopangwa mstari. Walitusimulia sijda iliyorefuka kwa sababu mjukuu alikuwa amempanda mgongoni. Walitusimulia Umama, binti wa Zainab, akibebwa ndani ya swala na kuwekwa chini wakati wa kusujudu. Walitusimulia Hasan na Husein wakija msikitini na nguo nyekundu, wakitembea na kujikwaa, naye akaikatiza hotuba, akashuka mimbari, akawabeba. Rangi ya nguo imehifadhiwa, na kujikwaa nako kumehifadhiwa. Karne 14 zimepita, nasi bado tunawaona. Mtu hukumbukwa kwa hali yake, si kwa namna alivyosimamishwa.

Mama yetu mzazi, Allah amrehemu, alituachia picha moja tu, ile ya kitambulisho. Wajukuu waliozaliwa baada yake huuliza alikuwaje, nasi huwaonyesha uso ule uliokazwa. Yule aliyekuwa akitusimulia visa vya Abunuwasi huku akipepea moto, hayumo mle. Hatumlaumu mtu, ndivyo zama zilivyokuwa. Lakini tazameni simu za leo: mna mamia ya picha za watoto, na mama yao hayumo, maana yeye ndiye aliyeshika simu. Enyi kina baba, ishikeni nyinyi siku moja, mumpige picha mama wa watoto wenu akimsomesha mdogo alifu na bee. Ndiyo picha watakayoitafuta watoto hao watakapokuwa watu wazima.

Na ndani ya nyumba mna stara. Wanawake wakiwa hawakujifunika, mpiga picha awe mwanamke, na picha hizo zibaki kwa wenyewe. Mtoto asipigwe akiwa uchi, ajapokuwa mchanga. Na akikataa, aachwe. Kabla ya kazi, iandikwe nani atabaki na picha na kwamba hazitatangazwa bila ya idhini. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa hiyo. Ikiwa mgeni anatakiwa aulize, basi mzazi naye ajiulize kabla ya kumweka mwanawe mbele ya macho ya mamia ya watu: amemhifadhi, au amemtangaza? Tumefundishwa kwamba jicho ni kweli, na kuwakinga watoto kwalo ni wajibu wetu.

Binti yetu tulimjibu hivi: aje mpiga picha wa kike, aje asubuhi watoto wakiwa wameshiba na wamelala vyema, wavae nguo wanazochezea, na picha zichapishwe zitiwe albamu ya nyumbani. Ikawa hivyo. Yule wa miaka 4 alishinda akimkimbiza paka uani. Katika picha tuipendayo zaidi, mama yao yumo, leso begani, anacheka hadi macho yamefumba, na hakuna hata mmoja anayeitazama kamera.

Allah awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.