Ndevu za miti ya Mlima Kenya

WENGI wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru huenda macho yakiwa juu, wakitafuta kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini kati ya lango la mbuga, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kituo cha hali ya hewa kilicho mita 3,050, kuna msitu ambao mgeni hana budi kusimama na kuutazama. Mianzi ikiisha na ukungu ukitanda, utaona miti mikubwa ya hagenia imefuga ndevu. Ni nyuzinyuzi za kijani kilichopauka, zinazoning'inia matawini kama ndevu za mzee ambaye hajamwona kinyozi tangu Uhuru.

Watoto husema mti ni mgonjwa, na wazazi wao hukubali. La hasha! Ndevu zile ni kuvumwani, na jina lenyewe limekwisha toboa siri: ni kuvu na mwani waliofunga ndoa.

Kuvu, wa kundi moja na ule ukungu unaoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi, hawezi kujipikia. Mwani ni chembe ya kijani isiyoonekana kwa macho matupu. Yeye hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, lakini akiachwa peke yake juu ya gome hukauka upesi. Basi kuvu hujenga nyumba. Nyuzi zake husukana ukuta, hushika gome, hunasa maji ya ukungu na kumkinga mwenzake na jua kali la mlimani. Mwani naye hupika. Ndiyo maana ndevu hizo hazinyonyi mti. Zimeshikilia tawi tu, kama nguo zilizoanikwa kambani.

Je, ni ndoa ya haki? Mnamo 1867 Mswisi Simon Schwendener alipotangaza kwamba viumbe hawa ni wawili, mabingwa wa kuvumwani wa siku hizo walimpinga vikali. Yeye mwenyewe alimwona kuvu kuwa bwana na mwani mtumwa wake, na sidhani alikosea sana, kwani sukari nyingi huishia kwa kuvu. Kisha mwaka wa 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kwamba kuvumwani nyingi zina mpangaji wa tatu: kuvu mwingine wa aina ya hamira, aliyejificha kwenye ngozi ya nje.

Ukiuacha msitu, ukavuka tope na kuingia Bonde la Teleki, ndevu hutoweka na mawe huanza kuvaa madoa ya rangi ya chungwa, kijivu na nyeusi. Usidhani mtu amemwaga rangi. Hizo nazo ni kuvumwani, za aina iliyolala chapa juu ya jiwe, na nyingi hazikui hata milimita moja kwa mwaka. Doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi huenda likamzidi nyanya yako umri! Mtaalamu wa Austria, Roland Beschel, alianza kuutumia upole huo mnamo 1950 kukadiria umri wa mawe yaliyoachwa wazi na barafu.

Na hapa mlimani barafu inaondoka. Ile ya Lewis, chini ya kilele cha Lenana, imepoteza sehemu kubwa mno tangu ilipopimwa mwaka wa 1934. Karibu nayo mawe yangali uchi. Ukiteremka, utakutana na madoa ya kwanza. Kwa hivyo inaudhi kumwona mpandaji akikwaruza jina lake juu ya jiwe. Kazi ya miaka hamsini huondoka kwa dakika mbili, na hilo jina halisomwi na mtu.

Asiye na nauli ya kufika Naro Moru aanzie karibu. Mnamo 1866 William Nylander aligundua kwamba katika jiji la Paris kuvumwani zilistawi katika bustani ya Luxembourg na kukosekana kwingineko, kwani moshi huziua. Jumapili hii wapeleke watoto msitu wa Karura na chupa ya maji. Watafute doa kavu la kijivu kwenye gome, walinyunyizie, wahesabu dakika hadi ligeuke kijani. Kisha wakague miti iliyo kando ya barabara ya matatu mtaani kwenu.