Magomeni, Kilosa: Vizibo vya soda vilivyofundisha hesabu za dawa

"SAA kumi na tatu!" anajibu msichana wa darasa la tatu bila wasiwasi wowote.

Mama yake, anayegeuza vitumbua jikoni, anaangua kicheko. "Saa kumi na tatu umeiona wapi, mwanangu?"

Mtoto ananyamaza. Tano ukijumlisha na nane ni kumi na tatu, hapo hajakosea. Ila saa ya ukutani ikifika kumi na mbili inaanza upya, na hilo hesabu yake ya daftarini haikumwambia.

Swali nililiuliza mimi. Nilikuwa Magomeni, moja ya kata za mji wa Kilosa mkoani Morogoro, kufuatilia namna wazazi wanavyowapa watoto dawa ya malaria wakisharudi nyumbani. Nilipanda basi Msamvu asubuhi, tukapita Dumila na Rudewa, na kuingia Kilosa jua likiwa limeshakuwa kali. Ni mji wa reli na wa Mto Mkondoa, ambao watu hapa bado wanauogopa tangu mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010.

Nilikaribishwa kwenye uwanja wa muuza vitumbua, mama wa watoto watatu. Wiki iliyotangulia mwanawe wa mwisho, mwenye miaka minne, alipata homa usiku. Kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto. Dozi ya kwanza aliimeza saa tano usiku, na mama akaambiwa ya pili ampe baada ya saa nane.

"Nilihesabu kwa vidole nikiwa na usingizi. Nikampa saa tatu asubuhi," anasema.

Alichelewa kwa saa mbili. Mtoto amepona na sasa anakimbiza kuku, lakini mama bado linamsumbua. "Mimi niliishia darasa la nne. Huyu dada yake nilitegemea atanisaidia kuhesabu."

Saa ya vizibo

Jirani yao ni mwalimu mstaafu aliyefundisha madarasa ya chini miaka mingi. Watoto wakipita wanamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye anaitikia, "Marahaba," huku akiwauliza swali la hesabu. Siku hiyo alisikia kicheko chetu akasogea.

Hakumkosoa mtoto. Alimtuma kuokota vizibo kumi na viwili vya soda, wakavipanga chini kwa duara. Akamwambia asimame kwenye kizibo cha tano, kisha aruke hatua nane. Msichana akaruka huku akihesabu: sita, saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja.

"Saa moja!" akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Saa moja asubuhi."

Mama yake aliacha vitumbua viungue kidogo. "Kumbe ni hivyo tu?"

Mwalimu hakuishia hapo. Kijana wa miaka minne alipewa vidonge viwili kila dozi, na dozi ziko sita ndani ya siku tatu. Vizibo vikapangwa viwili viwili, mistari sita. Binti akavihesabu: kumi na viwili. Hapo sita mara mbili ikawa na maana: pakiti ikibakiwa na kidonge, kuna dozi iliyorukwa.

Niseme wazi hapa: kumpa mtoto dawa ni kazi ya mtu mzima, na kipimo hutolewa na mhudumu wa afya kwa kuangalia uzito. Lakini mtoto anayejifunza kuhesabu saa leo ndiye mzazi wa kesho.

Thelathini na tano za kwenye daftari

Nilimwomba binti anionyeshe daftari lake. Kulikuwa na swali la 42 kutoa 17, na jibu alilokuwa ameandika ni 35. Makosa haya wazazi wengi tunayajua. Mtoto ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7.

Mwalimu akamgeukia mama. "Umepika vitumbua 42, umeuza 17. Vimebaki vingapi?"

"Ishirini na tano," mama akajibu papo hapo, bila kalamu. Akamtazama binti yake. "Ukiniambia 35, hivyo kumi vingine nitavitoa wapi?"

Mwalimu akachukua njiti za ufagio wa chelewa. Walifunga kumi kumi kwa uzi: mafungu manne, na njiti mbili pembeni. Hiyo ndiyo 42. Kutoa saba kwenye mbili haiwezekani, basi fungu moja likafunguliwa. Sasa kulikuwa na mafungu matatu na njiti kumi na mbili. Zikatolewa saba, zikabaki tano. Likatolewa fungu moja, yakabaki mawili. Ishirini na tano.

"Tukisema 'kopa kumi', mtoto anakariri neno," alinieleza. "Akifungua fungu kwa mkono wake, anajua kumi imetoka wapi."

Aliniambia pia kwa nini wadogo hukwama wakifika ishirini na tisa, wakasema "ishirini na kumi". Kumi na moja inajieleza yenyewe, ila neno thelathini halimwambii mtoto kwamba ni makumi matatu. Lazima ayaone mafungu matatu mbele yake.

Shuleni, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ndiyo msingi wa mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015. Hata hivyo, tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010 na kuwapima watoto majumbani kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, zimewakuta mara kwa mara watoto wa madarasa ya juu wasioyaweza. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kukaa na kila mtoto na mafungu yake. Nyumbani tunaweza, hata kwa dakika kumi na tano.

Unachoweza kuanza nacho leo

Trei tupu ya mayai ina mashimo 30, sita kwa tano. Kata kipande cha safu mbili za matano, mtoto ajaze vizibo. Akijaza saba, ataona matatu yamebaki kufika kumi.

Bao nalo ni darasa. Lina mashimo 32 na kete 64. Ukiweka kete mbili kila shimo, kama wafanyavyo wanaojifunza, zinaisha zote.

Vitu vikizoeleka, mwambie achore mistari badala yake, kisha ndipo aandike tarakimu. Usimnyang'anye vizibo mapema, na usimchape kwa kuhesabu vidole. Ataviacha mwenyewe akishaelewa.

Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, usiache maharage, kete au vizibo ovyo. Vinaweza kuishia puani, sikioni au kooni. Na kabla ya kusema mtoto ni mzito wa hesabu, angalia kama anaona ubao vizuri, anasikia, na amekunywa uji asubuhi.

Nilipoaga nilinunua vitumbua sita vya shilingi 200 kila kimoja, nikatoa noti ya 2,000. Mama alinyoosha mkono kuipokea, kisha akampa binti yake.

Mtoto alichambua sarafu kwenye kopo. Aliniwekea mkononi ya mia, "1,300." Ya mia mbili, "1,500." Ya mia tano, "2,000." Akanitazama kama nimeridhika.

Nilikuwa nimeridhika. Mama yake alikuwa ameshainama, anarudisha vile vizibo kumi na viwili kwenye kopo tupu la maziwa, juu ya kabati ambako mdogo hafiki.