Mzigo wa Ukoo Wetu

Katika Kitete, mtaa wa Tabora nilimozaliwa, kivuli cha miembe kilikuwa ndicho baraza ya wazee. Watu husema kwamba miembe ya mji wetu ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wa misafara, katika njia ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Chini ya mwembe mmoja babu yangu alinipa somo ambalo sikulipata shuleni.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Siku hiyo mwalimu alikuwa ametusimulia habari za Isike, mtemi wa Unyanyembe: jinsi alivyorudisha nyuma mashambulio ya Wajerumani mwaka 1892, na jinsi, mwezi wa Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na Tom von Prince, alivyoona heri baruti kuliko pingu, akaliwasha ghala lake naye yumo ndani. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamwuliza babu, "Babu, baba yako alisimama upande gani wa ukuta siku ile?"

Babu alinyamaza kitambo kirefu. Kisha alisema, "Nje, mjukuu wangu. Alichukua sanduku la risasi la Wajerumani begani, akalipwa nguo."

Neno hilo lilinichoma. Kwa miaka mingi sikulitamka mbele ya mtu. Kila Isike aliposifiwa nilishangilia pamoja na wenzangu, lakini moyoni nilijiona mwana wa adui.

Nilipokuwa mtu mzima nilitambua kuwa aibu yangu haikuwa ya nyumba moja. Wajerumani walioitwaa Tabora walikuwa wachache. Askari wao wengi walikuwa Waafrika, na mizigo yao ilichukuliwa na Waafrika. Mwaka 1890 Waarabu wa Tabora walikuwa wamekwisha kukubali bendera ya Kijerumani kwa mapatano na Emin Pasha. Vita vya Unyanyembe na Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, vilikuwa vimeacha majirani wakitazamana kwa chuki. Mgeni alikuta nyumba yenye nyufa, akaingia kwa ufa. Babu wa baba yangu naye hakudhani kuwa anauza nchi. Upagazi ulikuwa kazi ya heshima kwa Wanyamwezi. Aliona msafara unaolipa, akainama akatwaa mzigo. Simwoshi kwa maneno haya. Nataka tu kumwelewa, maana asiyeelewa jinsi nchi ilivyopotea hataweza kuilinda.

Mwezi wa Januari 1958, katika mji huu huu, chama cha TANU kilifanya mkutano mkuu. Shauri lilikuwa zito. Serikali ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia, tena haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, mapato au cheo. Wengi waliona kwamba kukubali ni kujidhalilisha. Mwalimu Nyerere, aliyepata kusoma na kufundisha hapa Tabora, aliwasihi wajumbe waingie katika uchaguzi, na wengi wakamfuata. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga akaunda chama chake. Wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Kiti cha Isike hakikurudishiwa nguvu zake. Mwaka 1963 serikali yetu wenyewe iliondoa mamlaka ya watemi. Basi kilichofufuka ni nini? Naona ni haki ya watu kukaa pamoja, kubishana na kuamua mambo ya nchi yao. Katika mapatano yale wana wa waliokuwa ndani ya ngome na wana wa waliokuwa nje walikuwa upande mmoja.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na habari za Isike, akaniuliza swali lile lile nililomwuliza babu. Nilimketisha karibu nami, nikamwambia yote mawili: ghala la mtemi, na sanduku la mzee wetu. Hakulia kama nilivyolia mimi. Aliuliza, "Lilikuwa zito?" Nikamjibu kwamba lingali zito.