Mbao Iliyooza Ndani ya Mashua



Sisi wakazi wa uwanda wa juu wa Ufipa twalijua hindi lililoingiwa na dumuzi: kwa nje zima, kwa ndani unga mtupu. Wiki iliyopita tuliteremka hadi Kipili, pwani ya Ziwa Tanganyika, tukayaona hayo hayo katika mashua.

Ni mashua ya tanga, kuukuu, ya faiba, ambayo mgeni mmoja aliwaachia wanajumuiya wa huko. Wengi husema faiba haiozi. Ni kweli, ila sitaha za mashua nyingi za namna hii si faiba tupu. Ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake mbao: plaiwudi, au balsa, mti mwepesi sana wa Amerika ya Kusini. Mbao hiyo ndiyo huipa sitaha ugumu pasipo kuilemeza. Maji hupenya kwenye matundu ya skrubu, na yakishaingia hayana pa kutokea. Tena maji ya mvua huozesha upesi kuliko ya bahari, kwani chumvi huwadhoofisha kuvu.

Fundi aliigonga sitaha kwa mpini wa nyundo. Penye uzima iliitika kwa sauti kali. Kuzunguka mlingoti ikaitika kama gogo lililolowa. Hapo kamati ikagawanyika. Baadhi walitaka yatobolewe matundu madogo, imiminwe rezini, ipakwe rangi, basi. Fundi akakataa: rezini haishiki mbao yenye maji. Nasi tulisimama upande wake, ingawa twajua kwamba michango ile ilitoka katika madebe ya mahindi ya watu. Mashua hii itabeba akina mama na watoto, na upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi ziwani humo hauna mzaha.

Basi ngozi ya juu ikakatwa taratibu na kuwekwa kando, maana itarudishwa. Mbao ilichotwa kwa kijiko, nyeusi mithili ya ugali wa ulezi. Mbao mpya ikishagandishwa, kila patakapopita skrubu fundi atatoboa tundu pana, atalijaza rezini nzito, kisha atatoboa tena katikati ya rezini hiyo, ili maji yasiikute mbao kamwe.

Kwa sasa sitaha imeachwa wazi chini ya turubai, ikikauka. Tulipomwuliza fundi itachukua siku ngapi, aliishika kwa kiganja, akatikisa kichwa.