Kabla Hujatuma Dola Zako: Barua kwa Mpwa Aliyeko Kampala

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na mama yako nimemsomea ujumbe wako wote isipokuwa ile sehemu ya dola mia tatu. Hiyo nimeiacha iwe yetu wawili. Hapa Kisangani tuko salama, mvua imezidi, mawese yamepanda bei kama ilivyo desturi yake, na bibi yako bado anauliza utaoa lini. Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unasema huko Kampala umepata kijana anayekufundisha biashara ya forex kwenye simu, na umenitumia orodha ya maneno yake: jozi, spredi, pipu, loti, levareji, dhamana, fyucha, opsheni. Unataka kujua kama mjomba wako, ambaye amekaa kwenye meza ya kubadilisha fedha sokoni tangu enzi za zaire, anayaelewa. Nayaelewa. Mengi ni kazi yetu ya kila siku sisi makambisti, wabadilisha fedha. Lakini mawili matatu hayajawahi kukaa kwenye meza yangu, na ndiyo unayoyataja kwa furaha kuliko yote.

Tuanze na jozi. Hakuna fedha yenye bei peke yake. Hupimwa kwa nyingine. Mteja akisimama mbele yangu na kuuliza "dola ngapi leo?", anauliza jozi ya dola na faranga ya Kongo. Kwenye simu yako utaona yuro na dola, tuseme 1.0850: ya kushoto ndiyo bidhaa, ya kulia ndiyo malipo. Ukibonyeza kununua, umenunua yuro na kuuza dola kwa mkupuo mmoja. Kila biashara ya fedha ni kununua na kuuza pamoja, na mtu anayekuambia "dola itapanda" bila kusema itapanda dhidi ya nini hajamaliza sentensi yake.

Bei huwa mbili. Tuseme leo nanunua dola kwa faranga 2,250 na kuiuza kwa 2,280. Zile thelathini katikati ndizo spredi, na ndizo zilizowasomesha binamu zako. Kumbuka kwamba bei hizo zimeandikwa kwa upande wa mwenye meza, kwa hiyo wewe mteja daima utauza kwa ile ya chini na kununua kwa ile ya juu. Ukifungua biashara kwenye simu utajikuta una hasara kidogo sekunde hiyohiyo, kabla bei haijasogea popote. Kampuni ya forex imeshakula chakula chake.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wako hakulitaja: ukwasi, yaani wepesi wa kupata mtu wa kuchukua ulichonacho bila kukushushia bei. Unajua mwenyewe jinsi noti ya dola yenye mchaniko wa upana wa ukucha inavyokataliwa hapa sokoni, au inavyokatwa bei, ingawa Marekani kwenyewe ni dola kamili. Na wenye umri wangu tuliliona hilo kwa fedha nzima. Zaire, fedha yetu ya wakati huo, ilipozaliwa mwaka 1967, moja ilinunua dola mbili. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni tano. Wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo Kinshasa wakaasi. Oktoba ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na Kasai wakaigomea wakaendelea na zile kuukuu. Faranga ya sasa ilikuja mwaka 1998, moja kwa zaire mpya laki moja. Katika miaka hiyo yote bei iliyobandikwa ukutani benki ilikuwa habari tu. Bei yenyewe ilikuwa ile ambayo mtu alikubali kukuhesabia noti mkononi.

Usichukue hayo kuwa ushahidi kwamba dola hupanda siku zote. Mwaka 2025, baada ya miaka ya kushuka, faranga iliimarika ghafla ndani ya wiki chache, na watu waliokuwa wamefukia dola wakingoja bei nzuri wakaja mbio kwenye meza zetu wote siku moja. Hakuna aliyewauliza wana uzoefu wa miaka mingapi.

Sasa pipu na loti, ambayo ni hesabu tu. Pipu ni tarakimu ya nne baada ya nukta: kutoka 1.0850 hadi 1.0851 ni pipu moja. Kwenye jozi za yeni ya Japani ni tarakimu ya pili. Loti kamili ni vipande 100,000 vya fedha ya kushoto. Kwa hiyo loti moja ya yuro na dola, kila pipu ni dola 10. Loti ndogo kabisa kwenye kampuni nyingi ni 1,000, na hapo pipu ni senti kumi. Kijana wako amekuonyesha faida kwa loti kamili. Muulize kwa nini hakutumia ile ndogo.

Na hapa naomba usome polepole. Loti kamili ya yuro inagharimu zaidi ya dola laki moja. Wewe una mia tatu. Utaishikaje? Ndipo inapoingia levareji. Kampuni inakuambia: weka dhamana kidogo, sisi tutakushikia iliyobaki. Kwa levareji ya mmoja kwa mia tano, dhamana ya loti ile ni kama dola 217. Unazo. Mlango uko wazi, unaingia.

Piga hesabu nami. Una dola 300, kila pipu ni dola 10. Pipu 30 upande usioutaka, na akaunti ni sifuri. Yuro kutembea pipu 30 dhidi ya dola ni jambo la asubuhi moja ya kawaida, bila vita, bila uchaguzi, bila gavana wa benki kuu kufungua mdomo. Tena hutafika hizo 30, kwa sababu dhamana ikipungua kuliko kiwango walichoweka, mashine yenyewe inafunga biashara yako. Unaweza kuwa na akili ya kweli kuhusu yuro, ukawa umesema itapanda na jioni ikapanda, lakini saa nne asubuhi ulikuwa umeshatolewa. Mimi na faranga zangu nimekaa na bei mbaya miezi, nikingoja. Bei ikishuka, noti zangu bado ni zangu. Anayefanya kazi kwa levareji hana ruhusa ya kungoja.

Najua utajibu kwamba kuna amri ya kukata hasara, ile unayoiweka mapema ili biashara ijifunge bei ikifika mahali fulani. Iweke, ni kitu kizuri. Lakini amri hiyo inasema "uza bei ikifika hapa". Haikuahidi kwamba patakuwa na mnunuzi hapo. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha bila kutangaza mapema ule ukomo wake wa faranga 1.20 kwa yuro. Ndani ya dakika chache yuro ilianguka chini ya faranga moja. Amri za kukata hasara zilizowekwa 1.19 zilitekelezwa mbali sana huko chini, kwa sababu katikati hapakuwa na mtu. Watu waliamka wakidaiwa na kampuni zao zaidi ya walichoweka. Alpari ya Uingereza ilifilisika. FXCM ilitangaza kwamba wateja wake wanadaiwa takriban dola milioni 225. Na hiyo ilikuwa faranga ya Uswisi, fedha ambayo matajiri wa dunia huikimbilia wakitafuta utulivu.

Twende kwenye fyucha na ndugu zake. Wanaziita kwa pamoja dirivativu, yaani mikataba ambayo thamani yake inategemea bei ya kitu kingine. Watu wanadhani zilibuniwa na wacheza kamari. Zilibuniwa na watu wenye hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki.

Nikupe mfano ulioanzia hapa nyumbani na kuishia huko uliko. Unajua Vita vya Siku Sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa makosa yake ya miaka ile, milioni 65 kila Septemba kuanzia mwaka huohuo. Fikiria sasa upande wa mlipaji. Kodi ya Kampala inakusanywa kwa shilingi, deni ni la dola. Shilingi ikidhoofika kabla ya Septemba, dola ni zilezile lakini shilingi zinazohitajika zimeongezeka. Mwenye deni la namna hiyo anaweza kwenda benki leo na kukubaliana bei ya dola za Septemba. Huo mkataba ndio fowadi. Bei ya baadaye ikiwa nzuri zaidi, atakuwa amekosa faida hiyo, lakini analala usingizi. Analipia usingizi.

Fyucha ni fowadi iliyowekwa sokoni: kiasi kimoja kwa wote, tarehe zilezile, na soko lenyewe linasimama katikati na kudai dhamana kila siku ili pasiwe na wa kukimbia. Chicago walianza kuuza fyucha za fedha Mei 1972, miezi michache baada ya Rais Nixon wa Marekani kuitenganisha dola na dhahabu, Agosti 1971, na bei zikaanza kucheza. Kwa mazao zilikuwepo zamani zaidi. Robusta, kahawa ambayo watafiti wa Yangambi, hapo chini ya mto, waliishughulikia miaka mingi, ina fyucha zake London, tani 10 kwa kila loti. Mwenye tani 60 ghalani ambazo zitafika bandarini baada ya miezi anaweza kuuza loti sita leo. Bei ikianguka, kahawa yake inapoteza, karatasi yake inapata. Bei ikipanda, kinyume chake. Ameuza wasiwasi.

Opsheni ni haki bila wajibu. Unalipa ada kidogo upate haki ya kununua, au ya kuuza, kwa bei fulani mpaka tarehe fulani. Usipoitumia, umepoteza ada tu. Aliyekuuzia ndiye mwenye hatari inayoweza kupita mbali ada aliyopokea, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuuza opsheni ni "kipato cha kila mwezi". Swapu za benki hazikuhusu. Ile swapu utakayoiona kwenye simu yako ni riba ya kulaza biashara usiku, na mara nyingi inakatwa kimyakimya.

Basi jiulize, mpwa wangu: mwenye deni la dola ana hatari na anaikimbia. Mwenye kahawa vilevile. Wewe huna deni la dola, huna kahawa, huna shehena inayotoka Dubai. Hatari hukuwa nayo, na unataka kuinunua. Kutoka kwa nani? Jibu liko kwenye masharti ya kampuni, kwenye yale maandishi madogo. Mara nyingi unachokifanya kwenye simu si kununua yuro hata kidogo. Ni mkataba wa tofauti ya bei, na upande wa pili wa mkataba huo unaweza kuwa kampuni yenyewe. Ukipoteza wewe, imepata yenyewe, na hiyohiyo ndiyo inayokuonyesha bei na kukufungia biashara. Mimi mwenyewe nina meza, sisemi mwenye meza ni mwizi. Nasema ujue umekaa upande gani.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya iliangalia hesabu za wateja wa kawaida wa mikataba hiyo ikakuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti zao zinapoteza. Ikazuia levareji isizidi mmoja kwa thelathini kwenye jozi kuu za fedha. Wewe umepewa mia tano, na umeambiwa ni zawadi. Kenya nao walitunga kanuni mwaka 2017: kampuni ya forex ya mtandaoni lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa yeyote.

Na kama huyo kijana anasema umpe yeye dola akufanyie, akurudishie faida ya uhakika kila mwezi, hapo hatuzungumzii forex tena. Waulize wazee kuhusu Bindo Promotion ya Kinshasa. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata, watu wakauza magari waingie, na mwaka 1991 mlango ukafungwa.

Ukitaka kujifunza, fungua akaunti ya mazoezi isiyo na pesa, utumie loti ndogo kabisa, na uandike kila biashara kwenye daftari mpaka muhula uishe. Kisha nitumie daftari, hata kama lina aibu. Kabla ya hapo nataka kwa maandishi mambo matatu: jina kamili la kampuni, nchi na namba ya leseni yake, na ukurasa wa masharti unaosema nani yuko upande wa pili wa biashara yako. Na hizo dola mia tatu zipeleke chuoni wiki hii, maana ada ya muhula bado hujaimaliza na mama yako anadhani umeshailipa.

Mjomba wako,
Makiso, Kisangani