Kadi Yetu Ilivyokataliwa Kivinje

Kama unapanga kuwatoa wageni Dar na kuwapeleka kwenu kwenye harusi, usimkimbilie mchapaji. Mimi nilimkimbilia, nikaumbuka.

Mchumba wangu ni mtu wa Galway, Ireland. Mimi kwetu Kilwa Kivinje. Tulikubaliana harusi iwe kwetu, ila kadi iwe na ladha ya kwao. Tukachagua rangi ya kijani. Juu tukaweka picha ya Boma la Mjerumani, katikati majina yetu wawili na neno "tunakualika", chini kabisa "kadi hii ni ya watu wawili". Kwa kweli ilipendeza.

Tukaipeleka kwa bibi. Kutoka Dar ni kama kilometa 300. Unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, unateremka Nangurukuru, kisha unashika njia ya kwenda pwani. Mji huu ulitajirika karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Leo nyumba nyingi za matajiri wale zimebaki kuta tu, na wavuvi wanapita mbele yake na samaki wao.

Bibi akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Mume wangu," akaniambia, "hii kadi ya nani? Mnajialika wenyewe? Mimi nimeshakufa?"

Nikanyamaza.

"Na mwenye watoto sita awaache wapi?" Kisha akaweka kidole juu ya Boma. "Hawa ndio waliomnyonga Hassan Makunganya mwaka 1895. Picha ya harusi hiyo?"

Mchumba wangu aliona aibu kuliko mimi. Kwao nako walitawaliwa na wageni kwa karne nyingi. Akavua pete yake, akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: inaitwa Claddagh, jina la kijiji cha zamani cha wavuvi pale Galway. Mikono miwili ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu.

"Ya wavuvi?" bibi akauliza.

"Ya wavuvi, bibi."

"Basi wekeni hiyo."

Tukaandika upya palepale mkekani. Sasa inaanza hivi: "Sisi wazee wa familia tunakukaribisha wewe na nyumba yako kwenye harusi ya kijana wetu." Tukaongeza: "Ni Kivinje, siyo Masoko wala Kisiwani," maana rafiki yangu mmoja alishaanza kuulizia boti ya kwenda kwenye magofu! Chini tukaweka salamu ya Kiairishi, Céad míle fáilte, yaani karibu mara laki moja.

"Laki moja?" bibi akacheka. "Pilau nitapikia sufuria gani?"

Kadi hizo zilikwenda Dar na Galway. Majirani wa Kivinje hawakupewa hata moja. Bibi alijifunga kanga, akapita mwenyewe nyumba hadi nyumba kualika kwa mdomo.

Wewe na mwenzio je? Rangi mmeshachagua. Mmeshaulizana nani anaalika?